Bibi Kibaraza wa Ghorofa ya Nne

Bibi yangu hakuwahi kunywa chai peke yake mpaka alipohamia ghorofa ya nne. Sitii chumvi. Kabla ya hapo, chai ikiwa tayari na kibarazani hakuna mtu, alitoka nayo mpaka njiani, kikombe mkono huu na kikombe mkono huu, akamngoja wa kwanza kupita. Akipita asiyemjua ndiyo afadhali zaidi, maana asiyemjua ana mengi ya kuulizwa.

Mtaa mzima ulimwita Bibi Kibaraza. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa kibarazani, chini ya bati lililotokeza mbele ya nyumba, na kando yake palikuwa na benchi la mbao lililobonyea katikati kwa kukaliwa. Alishona sare za shule, akafupisha suruali, akageuza kola za mashati zilizochakaa. Wateja walileta nguo asubuhi wakisema wana haraka, na saa ya chakula cha mchana ungewakuta bado wako benchini, wanabishana habari za ndoa isiyowahusu. Yeye alisikiliza huku pini zimejaa mdomoni. Akitaka kusema, anazitemea kiganjani, akimaliza, anazirudisha. Tuliomzoea, tukiona pini zinatoka tu, tulisogea karibu.

Alinilea tangu mama yangu alipofariki, nami ningali sijang'oa jino la utoto hata moja. Babu naye alikuwa ameshatangulia. Bibi aliniita mke mwenzangu, na siku nikimuudhi aliwaambia watu wa benchini, "Mume mwenyewe alishakufa, akaniachia huyu. Hapiki, na haondoki."

Mkaaji mkuu wa benchi lile alikuwa mkunga mstaafu, rafiki ya Bibi wa chanda na pete, mwanamke aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa, nami nikiwemo. Alikuja kila siku baada ya kufagia kwake, na hawakuwahi kukosa la kuongea. Niliwahi kuwauliza jana walikomea wapi. Mkunga akanijibu kwamba hawajawahi kukoma.

Nisimulie moja tu, ili Bibi aeleweke. Kulikuwa na ndugu wawili wa mtaa wetu, mmoja ana duka la dawa, mwingine anauza vipuri vya baiskeli. Walikuwa hawasemezani kwa sababu ya ukuta uliojengwa kati ya viwanja vyao. Ikatokea kila mmoja kaleta suruali irekebishwe. Bibi akawaambia wote waje Jumamosi asubuhi, na walipofika akampa kila mmoja suruali ya mwenzake. Wa duka la dawa alikuwa mfupi mnene, mdogo wake mrefu kama mlingoti. Wakaingia ndani kujaribu, huyu chumba hiki na huyu chumba kile. Mmoja alitoka anaburuza kitambaa sakafuni, mwingine suruali imemkomea chini ya magoti. Benchi zima lilicheka mpaka mkunga akashika mbavu, na wale ndugu, walipotazamana, nao wakashindwa kujizuia. Bibi akatema pini zake. "Macho yangu yamezeeka," alisema. "Hebu vueni, mpeane wenyewe." Wakapeana. Tangu siku ile wakawa wanaamkiana, na baadaye ukuta ukatobolewa mlango.

Halafu ikaja barabara.

Wapimaji walikuja na makopo ya rangi nyekundu, wakachora alama kwenye kuta za upande wetu wote. Barabara ilikuwa inapanuliwa na sisi tulikuwa ndani ya barabara. Kila familia ikatafuta pa kwenda, wengine kwa watoto wao, wengine mikoani, wengine pembezoni mwa mji ambako viwanja vilikuwa bado vipo. Wiki zile za mwisho Bibi alishona kama mwehu, akimaliza nguo za watu ili asihame na kitu cha mtu. Kila aliyekuja kuchukua nguo aliacha namba yake ya simu, nami nikaziingiza kwenye simu yake ndogo ya vitufe. Kila aliyeaga alisema tutatafutana. Mkunga alikuwa wa mwisho kuondoka kabla yetu. Mwanawe alimfuata na gari, akamweka kiti cha nyuma kati ya godoro na ndoo, na yeye na Bibi waliendelea kuongea dirishani hadi gari likaanza kutembea.

Mjomba wangu, mtoto wa kiume pekee wa Bibi, alitupeleka kwake, ghorofa ya nne. Ni karani wa kampuni ya bima, mtu mpole, mchache wa maneno, anayependa kwa mikono: atabadilisha balbu, ataleta dawa, ataulizia kama mto unakutosha. Alimwandalia mama yake chumba chenye kiti kizuri cha mikono, nami nikawekwa humo humo. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jengo jirani, karibu kabisa.

"Mama, sasa pumzika," Mjomba alimwambia. "Umefanya kazi za kutosha."

"Nani kakuambia nimechoka?" Bibi alimuuliza, lakini alikuwa akitabasamu. Ilikuwa siku ya kwanza.

Kesho yake asubuhi alifungua mlango, akatoa kiti kwenye korido, akakaa na mfuko wa vitambaa mapajani. Aliwaamkia wote waliopita. Aliwauliza wameamkaje, watoto wanaendeleaje, ingawa hakujua nani ana watoto na nani hana. Wengi waliitika wakiwa wameshampita. Mimi nilikuwa kazini, kwenye kiwanda cha mikate, nafungasha. Niliporudi jioni nikamuuliza amepata wangapi.

"Wamepita wengi," alisema. "Aliyesimama ni mmoja. Nikashukuru Mungu, kumbe anafunga kamba ya kiatu."

Tulicheka wote wawili. Wiki ile ya kwanza tulikuwa bado tunacheka.

Siku moja nilileta mkate wa moto kutoka kiwandani. Bibi akakata nusu, akaufunga kwa kitambaa safi, akachukua na chupa ya chai, akagonga mlango unaotazamana na wetu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mlango ulifunguka kadiri mnyororo ulivyoruhusu na uso wa mwanamke kijana ukatokea.

"Hatujaagiza kitu," alisema.

"Najua, mwanangu. Mimi ni jirani yako, mlango huu hapa. Nimekuja tunywe chai."

Yule mwanamke aliutazama mkate, akatutazama sisi. "Samahani, mama, niko kwenye simu."

Mlango ukafungwa taratibu, bila ubaya wowote. Bibi akabaki amesimama pale na chupa yake. Ndani hakukusikika sauti ya mtu anayeongea. Nikamgusa bega, tukarudi. Wakati wa chakula cha jioni alijaribu kumsimulia Mjomba kama kichekesho, akaigiza hata sauti ya yule mwanamke. Alipofika penye kuchekesha akaacha katikati na kuomba apewe chumvi.

Kilichofuata kilikuwa cherehani. Wapangaji wa chini walilalamika kwamba inawagonga vichwani mchana kutwa. Mwenyekiti wa wapangaji akaja, mzee mstaarabu mwenye shati lililonyooka, akakaa sebuleni, akakataa maji na akakataa chai.

"Mama yetu tunamheshimu sana," alimwambia Mjomba, kana kwamba Bibi hakuwapo pale. "Ila kuna hiyo sauti ya mashine. Na kuna kiti kwenye korido. Watu wanapita na mizigo, watoto wanakimbia. Ikitokea ajali itakuwa lawama."

"Kiti nakibana ukutani kabisa," Bibi alisema. "Hata mtu mnene anapita. Na ninyi hamna mtoto hapa ambaye simjui kwa sura sasa."

"Ndiyo, mama," yule mzee alimjibu kwa upole. "Na hilo pia wengine wamelisema. Watoto wao wanaulizwa maswali."

Mjomba alikuwa anatazama mikono yake. Aliona aibu, mimi nilimwona, na sikujua ni aibu ya nani. Mgeni alipoondoka akasema, "Mama, unisamehe. Ndivyo watu wa huku walivyo. Nitaiweka kwenye balkoni, nitaifunika vizuri."

"Sawa, mwanangu."

Nilizoea kumsikia Bibi akibishana na kila kitu, hata na mvua. Sikuwahi kumsikia akisema "sawa" na kunyamaza. Usiku ule nilimngoja gizani aseme neno la utani, aniite mke mwenzangu, aanze kumsengenya yule mzee na shati lake. Nikadhani amelala, mpaka nilipomsikia akimeza mate.

Alijaribu tena kidogo. Kwa majuma kadhaa alikuwa akishuka ngazi zote zile kwenda kwa mlinzi wa getini, kijana aliyekulia kwa bibi yake mwenyewe, na jioni akanisimulia habari za huyo kijana mpaka nikawa najua mchumba wake anataka nini na mama mkwe hataki nini. Aling'aa. Lakini kupanda ngazi kulimmaliza goti, akawa anapumzika kila ghorofa, na siku moja akashuka akamkuta mlinzi mwingine. Yule wa kwanza amehamishwa na kampuni yake kwenda kulinda ghala upande mwingine wa mji. Huyu mpya alimwambia haruhusiwi kuzungumza na wakazi akiwa zamu. Bibi akapanda ngazi zote. Hakushuka tena kwa ajili ya kuongea.

Ndipo ikabaki televisheni. Msomaji wa habari akisema habari za jioni, Bibi anamjibu, "Nzuri, baba, sijui nyie huko." Mke wa mjomba alicheka sana mara ya kwanza, akamwita na Mjomba aje asikie. Baadaye Bibi akawa anaongeza. Akamweleza yule msomaji habari ya goti lake. Akamuuliza mbona leo amekonda. Hatukucheka tena. Mke wa mjomba alikuwa akitoka jikoni, anasimama mlangoni na mwiko mkononi, kisha anarudi alikotoka.

Tulipiga simu. Kila Jumapili niliketi naye kitandani tukafuata namba zile za mtaani moja baada ya nyingine. Mwanzo walipokea, wakapiga kelele za furaha, wakaahidi kuja. Ndugu wa duka la dawa alikuja mara moja kweli, lakini alikuwa amehamia mbali na akaondoka mapema kuwahi gari. Kisha namba zikaanza kufa. Watu hubadilisha laini, simu huanguka majini, simu huibwa. Sauti ya yule dada wa kwenye mtambo ikawa ndiyo inayotujibu zaidi: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Bibi akaniuliza kwa nini yule binti hachoki kusema neno lile lile. Namba ya mkunga ndiyo tuliipiga kuliko zote, na siku zote ilijibiwa na yule dada.

Nikamwambia Mjomba kwamba nitamtafuta yule mkunga hadi nimpate. Niliuliza huku na huku, nikampata fundi viatu wa mtaa wetu wa zamani, naye akanielekeza kwa binti ya mkunga, nyumba za mwisho kabisa za mji, ambako barabara inakuwa ya udongo. Mjomba akakodi gari. Bibi alivaa gauni alilolishona mwenyewe mwaka ule wa kuhama na ambalo hakuwahi kulivaa. Njiani aliongea. Aliongea mfululizo, na dereva akacheka, nami nikageukia dirishani ili asinione machozi, maana nilikuwa nimeisahau sauti ile.

Aliyetufungulia ni binti ya mkunga. Alipomwona Bibi akaweka mkono mdomoni.

"Nani kawaambia?" aliuliza.

"Kutuambia nini?" nikamjibu.

Mkunga alikuwa ameshazikwa, yapata miezi miwili sasa. Simu yake ilikuwa imeharibika zamani, na namba zote zilikuwa humo. Hawakujua wampate wapi Bibi. Yule binti alituingiza ndani, akatukalisha, akalia. Bibi hakulia. Aliuliza aliugua nini. Akauliza alizikwa na nguo gani. Kisha akauliza, "Mchana alikuwa anakaa na nani?"

Binti alitazama chini. "Sisi tunakuwa kazini, mama. Alikuwa anakaa pale." Akaonyesha kiti cha plastiki karibu na mlango wa nyuma. "Alikuwa anakuulizia wewe. Kila nikirudi, ananiuliza kama umepita."

Bibi aliinuka, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Alikaa pale, mikono mapajani, akitazama uwanja ambao haukuwa na kitu zaidi ya kamba ya kuanikia nguo. Hakuna aliyethubutu kumwita. Alipoinuka mwenyewe alimuaga binti ya mkunga, akamshika mashavu kama anavyoshikwa mtoto, na tukaondoka.

Kurudi tulipitia barabara mpya. Dereva ndiye aliyetuambia kwamba hapo ndipo mtaa wetu ulipokuwa. Bibi akamwomba asimame kidogo. "Hapa hapasimamwi, bibi," alisema, na kweli magari ya nyuma yalikuwa yanapiga honi. Tukapita. Sikuona hata kitu kimoja ninachokijua.

Baada ya safari ile Bibi hakunyamaza kwa mara moja. Ilikuwa kama maji yanavyokauka kwenye mtungi. Kila siku kidogo. Ukimuuliza anajibu, ukinyamaza ananyamaza. Chai alikuwa akiiacha ipoe mpaka juu inafanya utando. Mjomba akampeleka hospitali. Daktari akampima presha, akampima damu, akamsikiliza moyo, akasema kwa umri wake yuko vizuri sana, ale matunda na atembee. Mjomba akaniambia usiku, "Kasema yuko vizuri." Akarudia tena, "Daktari kasema hana tatizo." Alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba aambiwe ndiyo. Nikamwambia ndiyo.

Nilijaribu kila nilichoweza. Nilimsimulia vituko vya kiwandani, nikavitunga vingine. Nilimwambia meneja ameanguka kwenye pipa la unga. Alinitazama kwa upendo, akanipapasa mkono. "Unajitahidi, mke mwenzangu," alisema. Ndiyo mara ya mwisho kuniita hivyo.

Alifariki alasiri, kwenye kiti chake, televisheni ikiwa inaongea. Mke wa mjomba alikuwa jikoni, alipita sebuleni mara mbili akidhani amesinzia, akampunguzia sauti ili asimsumbue. Mimi nilimkuta nilipotoka kazini. Nilimwamkia mlangoni kama kawaida.

Kutwa nzima iliyofuata mimi na Mjomba tulikaa na simu ile ndogo kutangaza msiba. Kati ya namba zote za mtaani zilipatikana chache. Mjomba alikuwa ameagiza viti vingi, kwa kuwa alikumbuka watu waliokuwa wakijaa kibarazani kwao tangu utotoni mwake, na vilipangwa mistari kwa mistari uwanjani chini ya jengo. Wakaja wafanyakazi wenzake wa bima, wakakaa pamoja nyuma, wakatazama saa. Wakaja binti ya mkunga, fundi viatu, ndugu wale wawili. Wengine sitawataja kwa kuwa hawakufika. Viti vilibaki vimepangwa vile vile, na upepo ukavisogeza viwili vitatu.

Jeneza lilishushwa kwa ngazi. Kwenye ghorofa ya pili wapangaji wawili walijibana ukutani kutupisha, na mmoja akamwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Nani kafa?"

"Sijui. Labda yule mama wa kiti."

Mjomba alikuwa amebeba mbele, upande wa kulia. Alisikia. Lakini ngazi zile ni nyembamba na jeneza haliwezi kusimama katikati, kwa hiyo akaendelea kushuka.

Baada ya maziko alisema nami mara moja tu. Wenye viti walikuwa wanavipakia kwenye gari, vikigongana. "Nilidhani nampumzisha," aliniambia. Nilitaka kumjibu, nikatafuta neno ambalo Bibi angelisema, lenye kuuma kidogo na kuchekesha kidogo, la kumfanya mtu ainue kichwa. Sikulipata. Nikamshika mkono, tukasimama hivyo.

Siku hizi nimepanga chumba karibu na kiwanda. Mjomba huja Jumapili. Anapanda, anaketi kitandani kwa kuwa kiti sina, anauliza kama maji yanatoka na kama umeme haukatiki. Namjibu. Namuulizia mkewe, naye ananijibu. Kisha tunakaa, mimi natazama miguu yangu, yeye anatazama balbu kama inahitaji kubadilishwa. Zamani nilidhani mimi na yeye tunajua kuzungumza. Kumbe Bibi ndiye aliyekuwa akizungumza, sisi tulikuwa tunapitia kwake.

"Haya, mwanangu," Mjomba husema, akiinuka.

"Haya, Mjomba. Nyumbani wasalimie."

Namsindikiza mpaka mlangoni, naye anashuka.